Alama ya Saba ya Kamulonga

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Bilonda alishuka mpaka kwenye daraja la mbao akiwa na mti wa kupimia mkononi na daftari kwapani. Chini ya daraja hilo ulipita Kamulonga. Ni kijito tu, hutakiona kwenye ramani yoyote, lakini kinapita nyuma ya nyumba zote za avenue, yaani mtaa wao, nyumba za matofali mabichi, kule chini ya Manika ambako mji wa Kolwezi unaanza kuteremka. Bilonda alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma mwaka wa sita. Kati ya watoto wote wa avenue, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupima maji.

Aliyempa kazi hiyo ni Tata Tshiamala, chef, yaani mkuu, wa avenue, mzee mwenye sauti nzito na kofia ngumu ya mgodini ambayo alikuwa haivui isipokuwa kanisani. Yeye mwenyewe aliuchonga ule mti na kuupaka alama kumi za rangi nyekundu, kila moja mbali na mwenzake kwa upana wa kiganja. Kazi ilikuwa nyepesi. Unasimama darajani, unashusha mti mpaka uguse chini ya kijito, unaangalia maji yamefika alama ya ngapi, unaandika. Basi.

Miaka miwili iliyopita maji yalifika alama ya saba, na kesho yake yaliingia ndani ya nyumba. Tangu siku hiyo watu wote waliishika ile namba kama jina la mtoto wao. Saba ni hatari. Ikifika saba, mpimaji apige jante, ile rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa kwenye nguzo karibu na daraja, na watu wote wabebe vitu vyao na kupanda juu. Chini ya saba, kila mtu akae nyumbani kwake kwa amani.

Mwaka huu mwezi wa pili ulikuja na mvua za kila siku, lakini daftari la Bilonda lilikuwa tulivu. Nne. Nne. Tano. Nne. Mama Mbuyi, jirani mwenye magoti mabaya, alikuwa anamngoja mlangoni kila asubuhi na kumuuliza ngapi. Akisikia nne, alimshukuru Mungu na kurudi kwenye mkeka wake.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Daftari lilikuwa linasema nne, lakini macho ya Bilonda yalikuwa yanaona mambo mengine kabisa. Jiwe kubwa ambalo wamama walifulia nguo lilikuwa limepotea chini ya maji. Njia ya migombani ilikuwa haikauki. Halafu asubuhi moja, nyuma ya choo chao, Bilonda aliona nyayo ndogo za mdogo wake Gloire udongoni, na kila unyayo ulikuwa umejaa maji. Mvua ilikuwa haijanyesha siku mbili. Yale maji yalikuwa yametoka chini yenyewe, kimya kimya.

Alijaribu kumweleza Dimitri, mvulana wa darasa lake aliyekaa ng'ambo ya daraja. Ni kosa alilolijutia, kwa sababu Dimitri alilipeleka jambo hilo darasa zima, na kuanzia siku hiyo jina la Bilonda likawa Madamu Meteo, bibi wa hali ya hewa.

"Madamu Meteo," alimwita mbele ya watu, "leo tukuye na biatu ao tukuye na mutumbwi?"

Kuja shuleni na mtumbwi! Wote walicheka. Bilonda naye alicheka kidogo, ili aonekane haumii.

Jumatano ndiyo siku aliyojua ukweli, na aliujua kwa kuteleza. Mbao za daraja zilikuwa na ukungu. Alishusha mti, ukagota chini, akaona nne kama kawaida. Alipogeuka kufungua daftari, mguu wake ukateleza, akauegemea mti kwa uzito wake wote asianguke. Mti ukazama. Ulizama taratibu kama mwiko kwenye bukari, ule ugali wetu laini. Tano ikapotea ndani ya maji, kisha sita, saba, nane. Karibu na tisa ndipo ulipogonga mwamba mgumu, ko, akausikia mpaka mabegani.

Bilonda alibaki ameinama hivyo hivyo. Chini ya kijito si pale alipodhani. Miaka miwili iliyopita mti ulikuwa unasimama juu ya mwamba. Sasa ulikuwa unasimama juu ya tope, na tope lilikuwa limepanda viganja vinne na zaidi. Kijito kilikuwa kimejaa tope kutoka chini, na maji yake yalikuwa yameinuliwa nalo. Kina kilikuwa kilekile cha alama nne. Kilichobadilika ni kwamba alama nne hizo zilikuwa sasa karibu na milango ya watu.

Aliuvuta mti na kuuangalia. Tope lilikuwa la kijivu, laini kama unga. Alilijua tope lile. Alikuwa analiona kila jioni kwenye miguu ya mama yake.

Mama yake, Mama Odile, alisukula mawe, yaani aliyaosha. Yeye na wamama wengine kumi na mmoja walifanya kazi hiyo juu ya kona ya Kamulonga, mbali kidogo na nyumba. Wachimbaji walileta mawe ya shaba na kobalti ndani ya mifuko, wamama wakayamwaga kwenye chekecheke na kuyatikisa ndani ya maji mpaka udongo wote utoke na mawe yabaki safi. Udongo unaenda na mayi, Mama Odile alikuwa anapenda kusema. Bilonda hakuwahi kujiuliza unaenda mpaka wapi. Sasa alijua. Ulikuwa unakuja hapa, kulala chini ya daraja lao.

Tata yake, baba yake mzazi, alikuwa Dilolo, kwenye kazi za reli, na alirudi mara chache kwa mwaka. Chakula, sabuni, shule, vyote vilitoka kwenye chekecheke la mama. Bilonda alimwona Tata Tshiamala kichwani mwake, anauliza kwa ile sauti nzito hili tope linatoka kwa nani. Aliona wamama wanafukuzwa kijitoni kama kuku. Akafuta mti kwa majani mpaka ukang'aa, akafungua daftari, akaandika nne.

Si uongo, alijiambia. Mti uligusa chini kwenye nne. Lakini namba ile ilitoka imepinda.

Alhamisi aliandika nne tena. Darasani alikaa upande wa dirisha, akihesabu kila wingu lililosimama juu ya migodi. Alikuwa anamfikiria Gloire, mwenye miaka minne, anayeachwa kila siku kwa Mama Mbuyi mpaka masomo yaishe. Mama Mbuyi ambaye hawezi hata kukimbiza mbuzi.

Ijumaa, Madamu Fidélie, mwalimu wao, aliingia darasani amebeba beseni.

Madamu Fidélie alikuwa mgeni Kolwezi. Alizaliwa Muanda, kule ng'ambo ya pili ya nchi, ambako Kongo yetu inagusa bahari. Kiswahili alikuwa amejifunza ukubwani, na alikisema kwa uangalifu kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Watoto wote walimwomba awaeleze bahari, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona.

Aliweka beseni mezani, akatia maji nusu, akachora mstari wa chaki ubavuni ndani. Halafu akaliinamisha kidogo, maji yakapanda mpaka kwenye mstari, akalirudisha, yakashuka. Bahari ya Muanda inafanya hivyo mara mbili kila siku, alieleza. Inajaa, inakupwa, tangu zamani za mababu, na watu wa pwani wanajua itafika wapi kama ninyi mnavyojua saa ya kengele.

Kisha alianza kutumbukiza mawe ndani ya beseni, moja moja, bila kusema neno. Aliliinamisha tena vilevile. Safari hii maji yaliupita mstari, yakaruka ukingo na kumwagika juu ya daftari la Dimitri, aliyekaa mbele. Darasa likalipuka kwa kicheko. Madamu Fidélie peke yake hakucheka.

Aliwauliza kama aliinamisha zaidi. Hapana. Mkono ulikuwa uleule. Basi nini kilibadilika? Akajibu mwenyewe: mawe yameinua maji kabla hajainamisha, na bahari nayo inainuliwa. Dunia inapata joto. Barafu iliyokuwa imekaa juu ya nchi kavu, mbali sana, inayeyuka na kuingia baharini, na maji ya bahari yenyewe yakipata joto yanatanuka. Katika miaka yote mliyoishi ninyi, alisema, bahari imepanda labda vidole viwili, vitatu. Wengine walicheka tena, vidole tu. Lakini aliwaeleza kwamba maji kujaa ni kulekule, ila sasa yanaanzia juu zaidi, kwa hiyo siku ya kawaida tu yanafika pale ambapo zamani yalifika siku ya dhoruba. Na dhoruba yenyewe ikija, inafika mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuiona.

Sauti yake ikashuka.

"Baba yangu, Tata Barnabé, alikuwa mtu wa kupima. Alisimamisha mti pwani, akapima maji yanapanda kiasi gani kila siku, miaka na miaka. Kiasi kilikuwa kilekile. Akatuambia tukae, hakuna hatari. Jumapili moja saa sita mchana, jua linawaka, sahani ziko mezani, maji yaliingia chini ya mlango. Baba hakukosea hesabu. Alikuwa anapima maji yanavyopanda, hakupima yanapoanzia. Ile nyumba leo haipo. Hata kiwanja chake hakipo."

Bilonda alilitazama daftari lake la maji. Nje, juu ya migodi, mbingu iligeuka rangi ya makaa, na ngurumo ya kwanza ikapita polepole kama lori lililojaa mawe.

Kengele ya kutoka ililia. Wenzake walikimbilia mlango kwa hofu ya mvua. Bilonda alibaki, akaenda mbele na kuweka daftari la maji mezani, kando ya beseni.

"Madamu," alisema, "mi niliandika bongo."

Akaeleza uongo wake wote, kwa haraka, akimeza maneno: kuteleza, mwamba, tope, nne iliyopinda. Ya mama yake hakuyasema. Madamu Fidélie hakumkaripia. Aliangalia dirisha, akaangalia daftari, akavua viatu vyake vya kisigino na kuvishika mkononi.

"Twende kwa chef wako," alisema. "Mbio."

Walimkuta Tata Tshiamala darajani penyewe, kofia kichwani, watu sita saba wakimzunguka kwa sababu ya yale mawingu. Dimitri naye alikuwepo. Madamu alipoanza kueleza, chef alinyanyua mkono kwa heshima, akachukua mti, akaushusha mpaka ukagota. Maji yalifika tano.

"Tano, madamu," alisema. "Ile mwaka ya mubaya ilikuwa saba. Batu ba hapa banajua muto yabo. Sitapiga jante juu ya woga ya mutoto, kesho hakuna mutu atanisikiliza tena."

Tone la kwanza lilianguka juu ya kofia yake, zito, likalia kama kokoto. Bilonda alijua kwamba hakuna tena maneno ya madamu yatakayosaidia. Alichukua mti kutoka mkononi mwa mzee, jambo ambalo mtoto hafanyi, akaulalia kwa kifua chake chote. Mti ukazama mbele ya macho yao. Sita. Saba. Nane. Tisa. Alama ya kumi ikagusa maji. Ko.

Tata Tshiamala alipiga goti, akaweka kiganja chake kati ya mbao za daraja na maji. Mwaka wa mafuriko, siku alipohesabu saba, viganja vinne vilikuwa vinaingia hapo. Sasa kiganja kimoja tu, na maji yakamlowesha vidole.

"Hii potopoto inatoka wapi?" aliuliza, bila kuinua kichwa.

Swali lenyewe la tope likawa limefika. Bilonda alitamani ardhi immeze. Aliwaona watu wote wanamwangalia, na nyuma yao, mlangoni kwa Mama Mbuyi, Gloire alikuwa amekaa anacheza na kifuniko cha sufuria, miguu yake tayari ndani ya maji.

"Inatoka kule juu, tata. Kwa bamama benye kusukula mawe." Akavuta pumzi. "Ni mama yangu. Nilijua tangu Yatatu, nikafunga kinywa. Nilikuwa naogopa mumufukuze."

Yatatu ndiyo Jumatano. Mzee alisimama. Watu walidhani ataanza kugomba. Hakugomba. Alitembea mpaka kwenye nguzo, akachukua chuma, akaipiga jante kwa nguvu zake zote, na sauti yake ikapanda mpaka juu ya kona ya kijito.

Kilichofuata hakikuchukua hata saa moja. Mvua ilikuja kama ukuta. Watu walibeba magodoro vichwani, sufuria, majembe, redio, picha za harusi. Bilonda alimnyakua Gloire akamfunga mgongoni kwa kikwembe. Mama Mbuyi alisema wamwache, yeye ni mzee, lakini Dimitri alikimbia barabarani na kusimama katikati kabisa mbele ya taxi-moto, pikipiki ya abiria, mikono juu, mpaka dereva akamtukana na kusimama. Wakampakia Mama Mbuyi, analia na kusali kwa pamoja, akapandishwa mpaka shuleni, ambako ni juu.

Kutoka veranda ya shule waliona Kamulonga ikiruka kingo zake. Daraja lilinyanyuka upande mmoja, kama mtu anayeamka, halafu halikuonekana tena. Maji ya kahawia yaliingia nyumba baada ya nyumba bila haraka, kana kwamba yalikuwa na funguo. Matofali mabichi yaliyeyuka kama sukari. Jiko la kwao Bilonda liliinama, likakaa chini, likaisha. Saa nane mchana, na kweupe, kila mtu akiona.

Chef alipita na daftari, akihesabu watu wa kila nyumba. Alipofika kwa Bilonda alisimama. Mama Odile hakuwepo. Hakuna hata mama mmoja kati ya wale kumi na wawili aliyekuwepo.

Bilonda hakulia. Hofu yake ilikuwa imepita mahali pa kulia. Alimshika Gloire, ambaye aliuliza mama eko wapi, akauliza tena, akauliza tena. Madamu Fidélie alikaa kando yao sakafuni, miguu pekupeku, hakutoa ahadi yoyote. Dimitri alileta kopo la maji ya kunywa, akaliweka chini, na jina la Madamu Meteo halikumtoka tena mdomoni tangu siku ile.

Mvua ilipopungua, walionekana. Walikuja kwa barabara ya juu, si kwa njia ya kijito, mmoja nyuma ya mwingine, wamelowa, wa kijivu toka kichwani mpaka miguuni. Bilonda alihesabu kwa kidole: tisa, kumi, kumi na moja. Wa kumi na mbili alikuwa Mama Odile, anachechemea, kandambili moja tu.

Walikuwa katikati ya maji, wamama walieleza baadaye, migongo imeinama, mvua inawapiga, na pale kijitoni huwezi kuona juu kunakuja nini. Waliposikia jante, walidhani ni mchezo wa watoto. Mama Odile ndiye aliyesema hapana, mpimaji ni binti yangu, hachezi. Waliacha mawe, wakaacha mifuko, wakapanda. Hawakuwa wamefika juu ya ukingo vizuri, maji yakapita pale waliposimama, yamebeba mti mzima na mizizi yake.

Nyumba nne zilianguka siku ile. Mtu hakufa hata mmoja.

Jumamosi iliyofuata Tata Tshiamala aliita mkutano kwenye uwanja wa shule. Wengine walitaka wamama wafukuzwe. Mzee aliwaacha waseme mpaka wakachoka, kisha akasema kosa la kwanza ni lake, kwa sababu alipima kina na kusahau kuangalia kina chenyewe kimesimama juu ya nini. Walikubaliana hivi: wanaume watatoa tope pale daraja lilipokuwa mpaka mwamba uonekane, na wamama watachimba mashimo matatu makubwa mbali na kijito, wasukule mawe humo, tope lilale chini, lichotwe kwa jembe, lisiingie tena Kamulonga. Na maji hayatapimwa tena kutoka chini. Yatapimwa kutoka juu, kuanzia ukingo wa ukuta wa zege wa zamani ulio kando ya kijito, ambao haupandi wala haushuki.

Mashimo yalichimbwa kwa wiki mbili. Bilonda alichimba kila alipotoka shule, mpaka viganja vikatoa malengelenge. Siku zote hizo mama yake alikuwa hajamwambia neno kuhusu yale aliyoyasema darajani, na ukimya huo ulimtisha kuliko mafuriko. Siku ya mwisho, wakiwa wawili ndani ya shimo la tatu, aliacha kuchimba na kumwomba mama msamaha, kwa kumtaja mbele ya watu.

Mama Odile alichomeka jembe lake udongoni.

"Kwa kunitaja, mi sina kasirani. Kasirani yangu ni ya zile siku mbili ulinyamaza. Uliogopa tukose kazi, ni kweli, ni vile unanipenda. Lakini sikia, Bilonda. Kazi ikipotea, tutatafuta ingine. Gloire akipotea, tutatafuta ingine wapi?"

Bilonda aliinamisha kichwa.

"Ukiona kitu ya kuogopesha," mama aliendelea, "usikichunge peke yako ndani ya tumbo. Kiseme siku ile ile, hata kama ni juu yangu. Hasa kama ni juu yangu."

Akachukua jembe. Juu ya migodi wingu jipya lilikuwa limeanza kusimama, na bado kulikuwa na udongo mwingi wa kutoa.